Chuo au Duka la Mtandaoni? Mwongozo wa Kuamua kwa Kijana wa Nairobi

Kwanza zima simu. Najua humo ndimo lilimo duka lako, ndimo walimo wateja wako wanne, na ndimo ulimomsikia yule kijana aliyeegemea gari akisema kuwa shahada ni karatasi ya kufungia mandazi. Msikilize mpaka mwisho wa video ukiweza, maana hapo ndipo anapotaja bei ya kozi yake. Mtu huyu anakukataza kulipia masomo, na riziki yake yote inatokana na kuuza masomo. Kozi yake haina mtihani, haina ofisi ya msajili utakakokwenda kulalamika, na akibadilisha namba hutampata tena. Nina hasira naye wala sifichi, kwa sababu pesa anazokula ni za mama anayeuza sukuma wiki Kangemi, pesa zilizotoka kwenye chama na zilizokuwa zimetengwa kuwa karo. Ukitaka kuonjeshwa kazi za mtandaoni, mpango wa serikali wa Ajira Digital hufundisha bure. Nenda huko kwanza.

Simu ikishazimika, panda matatu uende mjini. Fika Moi Avenue, usimame mbele ya sanamu ya Tom Mboya, mkono mmoja ukiwa mfukoni juu ya hiyo simu, maana hapo ni katikati ya Nairobi. Wengi hupiga picha na kuondoka. Wewe kaa kidogo. Mboya hakuwa na shahada. Alisomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School kule Kabete, mahali ambapo leo pana Kenya School of Government, akaajiriwa na baraza la jiji, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na baadaye akasoma mwaka mmoja Ruskin College mjini Oxford, 1955 hadi 1956. Kwa hoja ya kijana wa video, mtu kama huyo angepanda jukwaani awaambie wenzake waachane na vyuo. Alifanya kinyume. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akichangisha pesa, ndege ikakodiwa, na kundi la kwanza la wanafunzi 81 likapaa kwenda vyuoni huko. Aliyefika juu bila shahada ndiye aliyepitisha bakuli ili wengine waipate.

Anayekutajia Zuckerberg, mkumbushe kwamba Harvard aliiacha baada ya kuingia, na kwamba wenzake wa kuanzisha Facebook mwaka 2004 aliwapata humo humo mabwenini. Kisha mletee mfano wa nyumbani. Africa Online, iliyowafungulia Wakenya wengi mlango wa kwanza wa intaneti katika miaka ya 1990, ilianzishwa na Wakenya watatu wakiwa Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Makatiani na Gakio walikuwa wamesoma MIT. Hilo la kupata watu tutalirudia.

Hata hivyo, hadithi za wakubwa hazitakuamulia. Kitakachokuamulia kiko sokoni Toi.

Mtihani wa KCSE huisha Novemba, na vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya karibu Agosti au Septemba. Miezi hiyo katikati, watu wa nyumbani huiita kukaa bure. Wewe ifanye muhula wako wa kwanza. Chukua pesa kidogo, ziwe za kibarua ulichofanya mwenyewe, karo usiiguse. Amka alfajiri, panda matatu ya Ngong Road, shukia Adams, uingie Toi ukanunue viatu vya mitumba jozi kumi. Fika mapema. Wenye jicho huchukua kamera, yaani zile jozi bora zinazotoka robota likifunguliwa. Ukijikokota mpaka saa nne utakuta fagia, yaani mabaki, na utailipia kama kamera kwa sababu hujui tofauti. Hiyo ndiyo karo ya wiki ya kwanza. Inauma, lakini ni ndogo kuliko ya muhula.

Sasa piga picha mchana, penye mwanga, uziweke mtandaoni na uandike bei. Nasema uandike bei. Hii tabia ya "bei inboksi" imewafukuza wateja wengi kuliko mvua. Kisha jiandae kwa mazungumzo.

"Siz, bei ya mwisho?"

"Ni elfu moja, siz, na ya kutuma ni juu yako."

Atanyamaza siku tatu. Atarudi usiku wa manane akiuliza kama kuna saizi thelathini na tisa, na umjibu kwa upole uleule. Akikubali, mzigo utaupeleka mjini kwa Pickup Mtaani au utampa mtu wa bodaboda, na utakesha ukiulizwa umefika wapi. Upole huo haufundishwi darasani. Usipokuwa nao, wateja watajua kabla yako.

Kisha fungua daftari. Hapa tukae, kwa sababu ndipo penye jibu lote.

Tuseme jozi uliinunua shilingi 600. Kuosha, gundi, kamba mpya na mfuko: 50. Nauli ya Toi ukiigawa kwa jozi kumi, pamoja na ya kupeleka mzigo mjini: 40. Bando na tangazo: 60. Jumla ni 750. Umeuza 1,000, umebaki na 250, na moyo umeshaanza kuchagua rangi ya gari. Ngoja. Katika kila jozi kumi, tuseme moja itarudishwa kwa kuwa soli imebanduka, na hutaiuza tena. Zile tisa zimekupa 2,250, hii moja imekula 750. Umebaki na 1,500 kwa jozi kumi, yaani 150 kwa kila jozi, na bado hujajilipa hata senti kwa saa ulizokesha ukijibu jumbe. Wala hatujamhesabu yule anayelipa kwa M-Pesa, akishavaa kiatu anapeleka ujumbe wa malipo kwa 456 akidai alikosea namba. Naye muandikie mstari wake.

Usidhani hesabu hii ni ya wadogo wa Toi peke yao. Kune, kampuni ya kupika na kupeleka chakula hapa Nairobi, ilikusanya dola milioni 1 mwaka 2021 na ikafunga Juni 2022. Sahani iliuzwa kwa dola kama 3, bei za vyakula zikapanda, faida ikaliwa. Kampuni ya Sendy ilifuata 2023, na ile ya Copia ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi 2024 baada ya kukusanya mamilioni ya dola. Ofisi hizo hazikukosa wasomi. Nakuambia haya ili shahada usiidharau, na pia usiichukue kuwa hirizi.

Ikifika Juni, kabla barua ya chuo haijaanza kukusumbua, lisome daftari kama mtu asiyekujua. Ukiona umeuza kwa wiki mbili tu halafu kurasa zikawa tupu, hujashindwa na soko. Ulichoka, na chuo hakitakudhuru kwa lolote. Nenda. Ukiona umeuza kila wiki lakini huwezi kusema pesa ziko wapi, unachokosa ni uhasibu, na uhasibu hauhitaji miaka minne. Cheti au stashahada inatosha. Kwenye Waiyaki Way, ukishapita Kangemi, kuna Kabete National Polytechnic, chuo kilichoanzishwa 1924 kuwa kituo cha kufundisha ufundi. Mjini nako kuna vyuo vya jioni vingi juu ya maduka ya simu. Kabla hujalipa ngazi ya kwanza, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Kikiwa kinajiita chuo kikuu, uliza kibali cha CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu. Karani akianza kukasirika kwa swali hilo, umeshajibiwa. Shuka ngazi.

Ukiona daftari limejaa, wateja wanarudi, na huna tena saa za kutosha, hapo ndipo swali linapokuwa gumu, kwa sababu hapo ndipo kila mtu atakuambia chuo cha nini. Nami nitakuambia cha nini.

Mauzo yako yakipita shilingi milioni 1 kwa mwaka, yaani jozi kama ishirini kila wiki, sheria ya fedha ya 2023 inakudai asilimia 3. Inakatwa kwenye mauzo, haiulizi faida. Kwa kiatu chetu cha elfu moja hiyo ni shilingi 30, na faida yako ilikuwa 150. Sehemu moja ya tano imeondoka, na anayeligundua hilo Desemba ameshachelewa. Halafu kuna picha. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Casa Vera, klabu ya Ngong Road, shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Roma School ya Uthiru ikatozwa milioni 4.55 kwa picha za watoto. Na wewe umejaza ukurasa nyuso za wateja wanaotabasamu na viatu vyao, ukidhani ni matangazo ya bure. Waombe ruhusa, na uihifadhi.

Mambo haya unaweza kuyasoma peke yako usiku. Usichoweza kukipata peke yako ni watu. Lower Kabete, walipo wanafunzi wa biashara wa Chuo Kikuu cha Nairobi, utakaa dawati moja na atakayekuwa mhasibu, atakayefanya kazi benki, na yule mkorofi anayejua kuandika programu za simu. Utawaona wakichelewa, wakidanganya, wakisaidia wenzao, mwaka baada ya mwaka. Ukitaka mshirika wa kushika pesa zako, hutapata usaili mrefu kuliko huo. Kwa mwenye duka linalokua, hii ndiyo sababu ya kwenda, na ninaiweka mbele ya cheti chenyewe.

Kama huuzi viatu bali unauza ujuzi, nina neno zito zaidi. Kwa miaka mingi maelfu ya vijana wa Kenya, wengi wao wahitimu, wameishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Filamu ya *The Shadow Scholars* ya 2024 ilisimulia maisha hayo. Tazama kilichokuwa kikiuzwa: shahada ilikuwa na thamani kubwa hivi kwamba mtu wa ng'ambo alilipa apate jina, na aliyesoma kweli alibaki hapa bila jina. Kisha Novemba 2022 ChatGPT ikatoka, na kazi hizo zikapungua. Inaniuma, kwa sababu vijana hao ni wasomi hasa. Usijenge maisha juu ya kazi ambayo mnunuzi anaona aibu kusema aliinunua kwako. Ukienda chuo, andika kwa jina lako.

Sasa pesa. Mkopo wa masomo wa HELB una riba ya asilimia 4, nafuu kuliko Fuliza na kuliko programu yoyote ya mikopo iliyo kwenye simu yako, ndiyo maana mkono utakuwasha kuutumia kununua robota zima. Uache. Ni pesa za chakula na kitanda. Robota likitoka bovu utalala njaa, na deni litabaki palepale. Ukimaliza masomo una mwaka mmoja wa kupumua, baada ya hapo anayekwepa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mpango wa ufadhili wa 2023 nao, unaowapanga wanafunzi kulingana na hali ya nyumbani, umefikishwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauona kuwa kinyume na katiba kabla kesi haijakatiwa rufaa. Kwa hiyo usipange kwa takwimu za jirani aliyeingia mwaka juzi. Uliza chuo chenyewe mwaka huu nyumba yenu italipa ngapi.

Ukishayajua hayo, kaa na mama, na uende na daftari. Usimwite wakati anafunga kibanda.

"Mama, nimepiga hesabu."

"Hesabu ya nini, mwanangu?"

Mwonyeshe ile 150. Mwonyeshe na jozi iliyorudi. Mama aliyefanya biashara ya mboga miaka yote hiyo anaijua hasara kwa jina, na atakuuliza maswali ambayo kijana wa video hangeweza kuyajibu: nani anakukopesha, nani ana deni lako, mvua ikinyesha unauza nini. Yajibu yote. Akikuuliza kama utaacha chuo, usiseme shahada ni karatasi. Yeye ndiye aliyekuwa akiilipia tangu darasa la kwanza.

Na ikiwa bado mmegawanyika, yeye anataka uende na duka linataka ubaki, usiache nafasi ya chuo uliyopangiwa na KUCCPS ipotee kimya kimya. Vyuo vikuu vingi vina utaratibu wa kuahirisha masomo. Andika barua kwa msajili kabla ya tarehe ya kuripoti, utaje sababu bila kuipamba, uombe mwaka mmoja. Ipeleke kwa mkono, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, kwa sababu utakaporudi mwaka ujao, utakayemkuta kwenye dirisha lile huenda si yule uliyemkabidhi.