Sifa za Karatasi Inayokufa Juni 30

Kwenye mjengo kila kitu huchelewa. Lori la kokoto lililoahidiwa saa moja asubuhi hufika saa tano, na dereva akiulizwa huapa kwamba alikuwa "hapa karibu" tangu saa mbili. Fundi wa mabomba humzika shangazi yule yule mara tatu kwa mwaka. Mwenye nyumba hulipa wiki ijayo, wiki ambayo bado haijaonekana kwenye kalenda ya mtu yeyote. Kitu kimoja tu hutimiza miadi yake bila kupigiwa simu: leseni ya mwaka ya mkandarasi, ambayo nchini Kenya hufa Juni 30, kunyeshe au kuwake.

Kwa uaminifu huo pekee inastahili sifa, na ni ajabu kwamba hadi leo hakuna aliyeipigia hata zumari.

Wasioijua huichanganya na cheti cha usajili. Chini ya Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) ya 2011, mkandarasi huwekwa katika daraja mojawapo kati ya 8: NCA 1, wasio na kikomo cha thamani ya kazi, hadi NCA 8, wanaoanza kupanda ngazi. Cheti hicho hutiwa fremu, kikatundikwa nyuma ya kiti cha mkurugenzi na kupanguswa vumbi mgeni akija. Ni picha ya harusi. Leseni ndiyo unga wa kila siku, na mke hapiki picha. Bwana mkubwa wa NCA 1 mwenye kreni tatu na kijana wa NCA 8 mwenye toroli mbili huamka Julai 1 wakiwa sawasawa, kila mmoja akiulizwa kama amehuisha. Anayedhani kuvuka Namanga kutamwokoa aokoe nauli: Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, nayo ina ada ya kila mwaka.

Tena karatasi hii ni mpatanishi hodari. Kwa ajili yake mkandarasi hukumbuka kuhudhuria mafunzo, akakaa siku nzima akisikiliza habari za usalama kazini, yeye ambaye kofia yake ya plastiki hubebea mayai. Kwa ajili yake hufungua makabati na kukagua kama karatasi za kampuni bado zinawataja wakurugenzi walio hai na wanaosalimiana. Shemeji aliyetiwa jina humo ili kujaza nafasi hupigiwa simu kwa sauti ya upole isiyosikika tangu Krismasi.

Lakini uzuri wake mkubwa uko katika tarehe yenyewe. Juni 30 ndiyo siku mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya unapofungwa. Siku hiyo mkandarasi aliyejenga zahanati ya kaunti huwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya fedha, faili mapajani, akiomba alipwe kabla bajeti haijafungwa. Simu iko mkono wa pili. Kwa mkono mmoja anaidai serikali mamilioni, kwa mwingine anailipa ada kupitia M-Pesa. Ujumbe wa kuthibitisha kwamba amelipa huingia kwa sekunde chache. Ule wa kulipwa yeye, basi, tuseme uko hapa karibu.

Mwaka 2016 ile tozo ya asilimia 0.5 ya thamani ya mradi iliyokuwa ikienda NCA ilifutwa, na makandarasi wakashangilia. Leseni haikuguswa. Bila shaka mlezi mwema humwacha mtoto akose peremende, si uji.

Wapo wanaobeza wakisema karatasi haibebi zege. Ni kweli, na nguzo mbovu haiponi kwa muhuri. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mamlaka zilieleza kuwa halikuwa na idhini. Kifusi kikiwa bado kinachimbwa, watu huanza kuuliza nani alijenga na alikuwa na ruhusa gani. Hapo karatasi isiyobeba zege huwa na la kusema, na kutokuwepo kwake husema zaidi.

Siku za kawaida husema kwenye zabuni. Kurasa zote ziwe na namba, cheti cha kodi kiwe hai, leseni iwe hai. Kimoja kikikosekana, bei ya chini kuliko zote haifiki hata kwenye tathmini ya kiufundi. Mtu hukesha siku 14 akipiga hesabu za nondo na saruji, kisha akaangushwa na karatasi moja ya A4.

Wiki ya kwanza ya Julai, nje ya ukumbi zabuni zinakofunguliwa, hakukosi mwanamume mwenye buti zenye simiti iliyokauka, akimwonyesha karani risiti kwenye simu. Anasema alilipa. Karani anaivuta skrini kwa vidole viwili, anaitazama tarehe, kisha anamrudishia simu taratibu, kama anayerudisha mtoto aliyelala.