Maoni ya Mama Mboga wa Daraja Mbili kwa Bunge la Marekani

Soko la Daraja Mbili,
Kisii, Kenya.

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi,
Bunge la Marekani,
Washington.

KUH: MAONI YA UMMA KUHUSU BAJETI YENU YA KIJESHI YA DOLA BILIONI 901

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka upande wa mboga za saga na managu. Mimi ni mama mboga. Kama jina hilo halijawafikia, muulizeni mwanasiasa yeyote wa Kenya aliyefanya kampeni mwaka 2022. Tulitajwa kwenye kila jukwaa, na hadi leo bado tunangoja kujua tulitajwa kwa sababu gani.

Naandika kwa ajili ya jambo dogo la utaratibu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Ndiyo maana serikali za kaunti zikitaka kupandisha ada, huwaita watu ukumbini. Watu hupewa soda na mkate, husema hawataki, husifiwa kwa kusema, kisha ada hupanda. Utaratibu huu una kasoro zake, lakini soda hunyweka. Nyinyi Desemba 2025 mlipitisha dola bilioni 901 za jeshi kwa mwaka mmoja, na hakuna aliyefika hapa hata na chupa ya maji. Nimeona niwaletee maoni yetu kwa barua, msije mkasema tulialikwa tukakataa.

Mtauliza mama mboga wa Kisii anahusikaje na jeshi la Marekani. Anahusika kwa watoto. Mnajua sisi Wagusii tulivyo wengi Minnesota. Kijana alikuwa akishinda bahati nasibu ya grini kadi, tukamchangia nauli, akafika, akawa anatunza wazee usiku na kupakia mizigo ghalani mchana, halafu siku moja akapiga simu kusema ameingia jeshini. Njia hiyo ina mvuto wake. Tangu Julai 2002, kwa amri ya Rais George W. Bush, mgeni anayevaa sare yenu wakati wa vita anaweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka 5 ya kawaida. Mama yake husikia, hulia kidogo, kisha picha ya sare hutundikwa sebuleni karibu na kalenda ya kanisa. Mtoto wa dada yangu alipita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo askari tumewachangia. Sokoni kwetu anayechanga ni mwanachama, na mwanachama ana haki ya kuuliza maswali mkutanoni. Nina matano.

La kwanza ni mishahara. Tarehe 1 Oktoba 2025 serikali yenu ilifungwa kwa sababu mlishindwa kuelewana kuhusu bajeti, ikakaa imefungwa siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote uliotangulia katika historia yenu. Pesa anazotuma mtoto huyo wa dada yangu ndizo hulipa zamu ya mama yake kwenye chama chetu cha kuchangiana. Basi kwa wiki sita wanawake wa chama tulifuatilia kura za Seneti yenu kuliko bei ya sukuma wiki. Mmoja wetu, ambaye zamu yake ya kupokea iliangukia mwisho wa Oktoba, alijifunza kwamba mswada ule ulihitaji kura 60 kati ya 100 ndipo usonge mbele. Nadhani wapo wapiga kura wenu wasiolijua hilo.

Mishahara ya askari ya tarehe 15 Oktoba ilipatikana kwa kukwangua fungu la utafiti wa silaha. Kisha tukasikia kuna mtu, rafiki wa rais asiyetaka atajwe, aliyetoa dola milioni 130 kusaidia kuwalipa wanajeshi. Waheshimiwa, hiyo ni harambee. Mngetuarifu mapema tungewapa mshereheshaji, maana harambee isiyo na mtu wa kutaja majina kwenye kipaza sauti na kuwaumbua wenye ahadi za mdomo haifiki mbali. Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya unga. Askari wenu walio kazini ni kama milioni 1.3, kwa hiyo kila mmoja anapata takriban dola 100. Sisi harambee tunaijua kwa matanga, karo na paa la kanisa. Hatukuwahi kusikia ikichangishwa kwa ajili ya jeshi lenye manowari 11 za kubeba ndege.

Dada yangu aliniuliza kama huko pia watoto hulala njaa. Nikamwambia utafiti wa Wizara yenu ya Ulinzi yenyewe, wa mwaka 2020, uligundua kwamba karibu robo ya askari walio kazini hawakuwa na uhakika wa chakula. Alinyamaza, kisha akauliza bilioni 901 hununua nini. Swali hilo nalileta kwenu kama lilivyo.

La pili ni vitabu vya hesabu. Wizara yenu ya Ulinzi, ambayo tangu 5 Septemba 2025 imebandikwa kibao kipya cha Wizara ya Vita, ilianza kukaguliwa kikamilifu mwaka 2018. Haijafaulu hata mwaka mmoja. Ina mali ya zaidi ya dola trilioni 4 na wakaguzi wanashindwa kuifuata yote. Hapa kwetu gavana akifeli ukaguzi huitwa mbele ya kamati ya Seneti, hufokewa kamera zikiwaka, na jioni hurudi nyumbani kwa msafara ule ule. Tulidhani upole hauwezi kupita hapo. Kumbe iko nchi ambayo aliyefeli huongezewa fungu, kisha nchi hiyo hiyo hututumia wataalamu wa kutufundisha uwajibikaji. Tunaomba wataalamu hao wapitie kwenu kwanza, si mbali na ofisi zao.

La tatu ni dawa, na hapa naomba mniwie radhi nikipunguza mzaha. Mpango wenu wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulioanzishwa na Bush huyo huyo mwaka 2003, umewaweka watu wengi hai katika nchi hii, na sokoni hakuna asiyejua hivyo. Tarehe 20 Januari 2025 rais wenu alisimamisha misaada ya nje ili ichunguzwe. Kufikia 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa mama wa kushauri wenzake katika kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa kukaa na mjamzito aliyepimwa akapatikana na virusi, amweleze namna ya kumeza dawa ili mtoto azaliwe salama. Alisimamishwa kazi. Sasa anauza nyanya. Wale akina mama wamemtafuta hadi wakampata. Huja, wakachagua nyanya za shilingi ishirini polepole, wakainama kama wanaotafuta iliyoiva zaidi, na hapo ndipo humuuliza la dawa. Yeye hujibu huku akifunga nyanya. Kliniki hiyo haina mshahara wala rafiki wa rais.

Halafu 4 Desemba 2025 mkatia saini na serikali yetu mkataba mpya wa afya: dola bilioni 1.6 kutoka kwenu kwa miaka 5. Ndani yake mlitaka na data za afya yetu, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu hiyo. Shukrani tumetoa. Ila nikarudi kwenye ile karatasi ya unga. Bilioni 901 ukigawanya kwa siku 365 ni karibu bilioni 2.5 kwa siku. Maana yake jeshi lenu likianza kutumia pesa saa kumi na mbili asubuhi, sisi tukipanga mboga, hiyo afya yetu ya miaka 5 huwa imekwisha kabla ya saa nne usiku. Na siku ya pili linaamka tena.

La nne ni ushuru. Sheria aliyotia saini rais wenu tarehe 4 Julai 2025 iliongezea jeshi takriban dola bilioni 150. Sheria hiyo hiyo ikaweka ushuru wa asilimia 1 kwa fedha taslimu zinazotumwa nje ya nchi, kuanzia 1 Januari 2026. Anayetuma kupitia akaunti ya benki haguswi. Anayekatwa ni yule anayelipwa mkononi baada ya kusafisha vyoo vya watu. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu kutoka kwenu, kwa hiyo tunajua mlikoona mboga mbichi. Hatuna ugomvi na ushuru. Sisi tunalipia hata choo cha soko. Lakini choo cha soko ukishalipa unaingia. Kwenu tunalipa, na kwenye dirisha la viza tunaambiwa turudi nyumbani tukatafakari.

La tano ni vita vyenyewe. Mna kamandi ya kijeshi inayoshughulikia Afrika, AFRICOM, na makao yake makuu yako Stuttgart, Ujerumani. Sina neno na Wajerumani, ila mara ya mwisho jeshi la Ujerumani kuwa na mipango kuhusu Kisii ilikuwa Septemba 1914. Tarehe 12 walipigana na Waingereza hapa mjini. Hakuna aliyetuuliza kama tunamjua Kaisari. Wenyeji walipoona mji hauna mwenyewe, walibeba vilivyokuwa madukani. Mwingereza aliporudi, aliowaadhibu ni wenyeji. Tangu wakati huo tunafahamu kwamba vita vya wakubwa vikiisha, ankara huletwa sokoni.

Ndiyo maana nashangazwa na uvivu wenu. Katiba yenu inawapa nyinyi, si rais, mamlaka ya kutangaza vita, na mara ya mwisho mlitangaza mwaka 1942. Tangu hapo vijana wenu wamepigana Korea, Vietnam, Iraki na Afghanistani, na mabomu yanaangushwa Somalia, jirani yetu wa mpaka, bila nyinyi kutamka neno hilo hata mara moja. Kupitisha pesa za vita mna haraka. Kupiga kura ya vita mna shughuli nyingi.

Nyinyi hamwoni vinavyorudi. Marobota ya mitumba yakifunguliwa hapa, mara moja moja hutoka koti la jeshi la Marekani. Muuzaji halitundiki, kwa sababu sheria yetu hairuhusu raia kuvaa magwanda ya kijeshi, na polisi hawana subira na mitindo. Hulikunja na kuliweka chini ya meza. Kifuani pale palipokuwa na jina huwa pameng'olewa, zimebaki nyuzi tu. Dada yangu akisikia limetoka moja huenda kulitazama. Haulizi bei. Huangalia kipimo cha mabega, akalirudisha.

Sitaki mdhani nawaonea. Serikali yetu ni mwanafunzi wenu mwema. Tarehe 24 Juni 2024 mliipa Kenya cheo cha mshirika mkuu asiye wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa. Kesho yake, kundi la kwanza la polisi wetu lilitua Haiti kwenda kuwapa raia wa huko usalama, kwa ufadhili wenu mkubwa. Siku hiyo hiyo, Nairobi, vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walipigwa risasi nje ya Bunge. Ndege ya kwenda Port-au-Prince ilipatikana kwa wakati. Usalama wa vijana wa Nairobi haukupatikana. Sisi hatuna bilioni 901, Waheshimiwa. Tumechukua tabia tu, bila pesa zake.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Kikao cha maoni kuhusu bajeti ya mwaka ujao kifanyike Daraja Mbili, siku ya soko, kabla ya mvua ya alasiri. Soda mlete nyinyi. Mkate usiwe wa jana.

2. Jeshi lenu lipumzike siku moja kila mwaka, na pesa za siku hiyo ziende kwenye dawa. Tumeshafanya hesabu: kwa miaka 5 zinazidi mkataba wenu mara saba.

3. Kabla ya kumpeleka kijana yeyote vitani, mpige kura kwa majina, na mama yake atajiwe waliosema ndiyo. Sisi tutamtafsiria.

4. Mkitaka kufunga serikali tena, mtuarifu mwezi mmoja mapema ili chama kipange upya zamu.

5. Yule mwenzangu wa nyanya alipwe malimbikizo yake. Kazi hajaacha.

Tunangoja tarehe ya kikao.

Wenu katika ushirikishwaji,
Mama Mboga,
Daraja Mbili.

Nakala:

Rais wa Marekani: kwa taarifa tu. Tafadhali usitujibu mtandaoni usiku wa manane.

Kamandi ya Afrika, Stuttgart: Kisii iko pale pale mlipoiacha kwenye ramani.

Serikali ya Kenya, Nairobi: kwa utekelezaji. Nyinyi ndio mtajibu kwanza, kwa sababu wale hatukuwapigia kura.