Namna ya Kumtoa Bosi Nje Kabla Moto Haujamtoa

Anza na uteuzi, maana ofisi nyingi huharibu hapo hapo. Agizo limekuja kwamba kila ghorofa iwe na wasimamizi wa moto. Afisa utumishi anazungusha macho, anamwona kijana aliyeajiriwa juzi, bado yuko kwenye majaribio, hajajifunza kukataa. Jina linaandikwa. Kijana anapewa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, semina ya nusu siku, soda na cheti. Siku king'ora kikilia, atasimama nje ya mlango wa mkurugenzi, atagonga kwa kidole kimoja, na atasubiri aambiwe "karibu".

Mwache kijana aendelee na kazi yake. Nenda masijala. Kuna mama pale ambaye faili likichelewa kurudi hulifuata mwenyewe hadi kwa mkurugenzi, na haondoki mpaka alipate. Kama hakuna masijala, mtafute mtunza stoo asiyetoa hata kalamu bila saini, au dereva mzee anayewakemea mameneja wakimchelewesha safari. Huyo ndiye msimamizi wako wa moto. Kutumia mtungi kunafundishika. Ujasiri wa kumwambia mkubwa "inuka" haufundishiki kwa nusu siku, kwa hiyo mchague aliyekuja nao kutoka nyumbani.

Natanguliza mamlaka kuliko mitungi kwa sababu binadamu akiwa na wenzake huwa mzito mno kutoka. Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Waliwakalisha chumbani wajaze dodoso, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Katika waliokuwa peke yao, asilimia 75 waliinuka kwenda kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili walioelekezwa kutulia kana kwamba hakuna kitu, ni asilimia 10 tu walioinuka. Wengine walibaki wakikohoa na kufikicha macho, huku wakiendelea kujaza karatasi. Sasa itazame ofisi yako. Kila mtu anamtazama mwenzake, na wote wanamtazama bosi. Bosi asipoinuka, ghorofa nzima imekaa.

Kwa hiyo somo la kwanza, kabla ya kugusa chochote chekundu kilichotundikwa ukutani, liwe ni sauti. Wapange wanaofundishwa mstari mmoja, kila mmoja apaze sauti aseme: "Kuna moto! Tokeni wote, ngazi za nyuma, sasa hivi!" Utashangaa wangapi wataanza na "Jamani, samahani kwa usumbufu." Warudishe mwanzo. Tangazo la moto halina samahani. Lina mambo matatu: kuna nini, watu wafanye nini, wapite wapi. Lirudiwe mpaka aliye kwenye kona ya mwisho, mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni, alisikie.

Kisha lije suala la heshima, ambalo kwetu ni zito na semina nyingi hulikwepa. Tuseme msimamizi ana miaka 28, meneja ana 57. Hawezi kumfokea kama anavyomfokea rika lake, na ukimfundisha afoke hatafoka. Siku ya siku ataishia kunyamaza. Mfundishe maneno yatakayotoka kinywani mwake kweli: "Shikamoo mzee, kuna moto, tunatoka. Twende." Mkono uonyeshe mlango, mwili usimame upande wa mlango, mazungumzo yasiendelee. Mzee akisema, "Ngoja nimalizie kusaini hizi hundi," jibu ni hilo hilo: "Mzee, twende." Hakuna kubishana na hakuna kueleza. Akikataa mara ya pili, msimamizi anaendelea na vyumba vingine, na akifika nje anawaambia Zimamoto nani amebaki na yuko chumba gani. Hasimami kufa pamoja naye. Fanyeni maigizo ya jambo hili, meneja halisi akicheza nafasi ya meneja, mpaka aibu iwatoke wote wawili.

Kijana anaweza. Usiku wa tarehe 28 Mei 1977, katika ukumbi wa starehe wa Beverly Hills, jimbo la Kentucky nchini Marekani, Walter Bailey alikuwa na miaka 18 na kazi yake ilikuwa kuondoa vyombo mezani. Alipojua kuna moto alimwambia mkubwa wake watu watolewe ukumbini. Alipoona hakuna kinachofanyika, alipanda jukwaani katikati ya maonyesho ya vichekesho, akashika kipaza sauti, akawaonyesha watu milango ilipo na kuwaambia watoke. Moto ule uliua watu 165. Ndani ya ukumbi ule mkubwa walikuwemo zaidi ya 1,000, na mamia waliokoka kwa sababu mkusanya vyombo hakungoja ruhusa.

Lakini usitegemee bahati ya kumpata Bailey. Mamlaka yaandikwe. Mkurugenzi atoe barua, isomwe mbele ya wafanyakazi wote naye akiwepo, kwamba king'ora kikilia msimamizi wa ghorofa ndiye mkubwa wa ghorofa ile, na amri yake inamhusu kila mtu akiwemo mwandishi wa barua. Mkurugenzi asiyekubali kuisaini barua hiyo amekwisha kukuambia atakavyofanya siku ya moto.

Aliyelielewa hili kuliko wengi ni Rick Rescorla, mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley katika jengo la kusini la World Trade Center. Baada ya bomu lililolipuka hapo mwaka 1993 aliwalazimisha wafanyakazi kufanya mazoezi ya kushuka ngazi mara kwa mara, wakubwa na wadogo, huku wengine wakinung'unika kwamba anawapotezea muda wa biashara. Tarehe 11 Septemba 2001 jengo la kaskazini lilipogongwa na ndege, tangazo katika jengo la kusini liliwaambia watu wabaki mahali pao. Rescorla hakulitii. Alichukua kipaza sauti cha mkononi akaanza kuwashusha watu wake, akiwaimbia ngazini ili wasitaharuki. Wafanyakazi wapatao 2,700 wa kampuni ile walitoka. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, na jengo likaanguka naye akiwa ndani. Kila meneja akikuambia zoezi la robo saa ni hasara kwa kampuni, mweleze habari za Rescorla, na umweleze taratibu, bila kuruka kitu.

Mitungi sasa, na sitakaa sana hapa, kwa sababu semina nyingi hukaa hapa tu. Moto unawashwa kwenye pipa lililokatwa nusu, bosi anapuliza, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa. Burudani hiyo isizidi saa moja, na kila mmoja aushike mtungi kwa mikono yake. Uzito wenyewe ni somo: mtungi wa unga wa kilo 6 unamshangaza mtu aliyeuona ukutani miaka minne bila kuugusa. Pini hung'ang'ania ukiwa umebana kishikio, basi legeza vidole kwanza, zungusha pini ikate kile kifungo cha plastiki, ndipo uvute. Elekeza mdomo chini kwenye kinachoungua, sio kwenye ndimi za moto. Bana, fagia kushoto na kulia. Una sekunde 20 hivi, pengine pungufu, na unga umekwisha. Moto uliokwisha kupita ukubwa wa kapu la taka si wako, geuka uondoke. Wakati wote uwe umeupa mgongo mlango, wala usikubali moto ukae kati yako na njia. Maji hayaendi kwenye umeme wala kwenye mafuta ya kukaangia. Mtungi wa gesi ya kaboni hauna geji, kwa hiyo ule utamaduni wa kuchungulia mshale kwenye rangi ya kijani hausaidii. Lazima upimwe uzito. Na ule unaozuia mlango wa jiko la ofisi usijifunge, urudishwe ukutani leo.

Milango inastahili muda mrefu zaidi. Mpeleke msimamizi kwa miguu kwenye kila njia ya dharura ya jengo, mpaka chini, mpaka barabarani. Humo njiani ndimo utakapokutana na jengo lako halisi: viti vilivyovunjika, katoni za karatasi, pikipiki ya mtu imeegeshwa chini ya ngazi isinyeshewe, na mwisho kabisa mlango wenye kufuli. Ufunguo uko kwa mlinzi. Mlinzi amekwenda kula. Madirisha ya ghorofa ya kwanza yana nondo za kuzuia wezi, na nondo hazichagui mtu wa kumzuia. Mwambie msimamizi asimame pale mbele ya kufuli, asiondoke, mpaka ufunguo upatikane, na saa ihesabu. Dakika zile awaandikie wenye jengo. Jibu watakalokupa ni kwamba mlango ukiachwa wazi wezi wataingia. Nalo lina dawa, kwani kuna komeo za kusukuma kwa kifua zinazofunguka kwa ndani tu.

Hoja ya wezi ni ya zamani. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kule New York kiliungua na kuua wafanyakazi 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Moto ulianzia ghorofa ya 8. Waliokuwa pale walipiga simu ghorofa ya 10, kwa wakubwa, na karibu wote wa ghorofa ya 10 walipona kwa kupitia paa. Ghorofa ya 9 hakuna aliyeiarifu. Mlango mmoja wa ghorofa hiyo ulikuwa umefungwa, na ngazi ndefu za zimamoto hazikufika juu kiasi hicho. Somo zima la usimamizi wa moto limo katika ghorofa ile ya 9: taarifa iende kwa wote, isiende juu tu, na mlango ufunguke kwa anayeukimbilia.

Kupekua vyumba kufundishwe kwa vitendo. Msimamizi anaanzia sehemu ya mbali, anarudi kuelekea kwenye ngazi. Anafungua vyoo na kuita, kwani mlango wa choo uliofungwa haujibu wenyewe. Anapita chumba cha sala, stoo, chumba cha seva chenye kelele za feni ambako king'ora hakisikiki. Mlango uliofungwa anaugusa kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto haufungui. Kila chumba alichokimaliza anakifunga nyuma yake bila kukitia ufunguo, kwa sababu mlango uliofungwa huchelewesha moshi, na moshi ndio unaoua wengi kabla ndimi za moto hazijafika. Moshi ukiwa mzito, anatambaa. Hewa iko chini. Lifti haitumiki: umeme ukikatika itawafungia ndani, na tundu lake ni njia ya moshi.

Mwenye ulemavu aulizwe mwenyewe, mapema, anapenda kusaidiwa vipi. Nimeona mipango mizuri ya karatasi ambamo watu wanne watambeba mwenzao mwenye kiti cha magurudumu, na yeye hajawahi kuambiwa. Pengine angependelea kushikwa kwa namna nyingine, au angeeleza kwamba wawili kati ya wale wanne hawapo ofisini siku za Ijumaa. Wasiosikia nao wapangiwe mtu wa kuwagusa bega.

Nje, watu wasikusanyike kwenye maegesho ambako gari la zimamoto linatakiwa kusimama. Mtu wa mapokezi atoke na kitabu cha wageni, vinginevyo yule fundi wa viyoyozi aliyeingia asubuhi hahesabiwi na hatafutwi. Simu ipigwe mara moja. Tanzania namba ni 114. Anayepiga ataje mtaa, alama inayojulikana, ghorofa, kinachoungua na kama kuna watu ndani, na asikate mpaka aambiwe. Mtu mwingine aende barabarani kulipokea gari, ili dereva aliyevuka foleni ya Dar es Salaam asipotezwe na kichochoro cha mwisho.

Zoezi la kwanza litangazwe, ili watu wajue njia. Kisha yaje ya kushtukiza. Kenya, Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinataka zoezi angalau mara moja kila miezi 12; mimi naona mara moja ni kidogo kwa ofisi inayobadilisha watu kila robo mwaka. Zibeni ngazi moja kwa kumweka mtu katikati ameshika karatasi iliyoandikwa MOTO HAPA, muone wangapi watakaojaribu kumpita kwa sababu ndiyo njia waliyoizoea. Andikeni muda tangu king'ora mpaka mtu wa kwanza ainuke kitini, kwani dakika nyingi hupotelea hapo kuliko ngazini. Andikeni nani alirudi kuchukua pochi, nani alikawia kuaga kwenye simu, nani alikataa, na orodha hiyo isomwe mbele ya wote ikianza na wenye vyeo. Zoezi linalofuata lifanyike saa saba mchana, nusu ya watu wakiwa wamekwenda kula, na mama wa masijala akiwa likizo.