Friji Iliyojiita Banda

Mtaani kwetu yupo seremala tunayemwita Kipara. Siku moja alikuja kijana wa mikopo akimuulizia kwa jina la kwenye kitambulisho. Mtaa mzima tukaapa hatumjui, na wala haikuwa hila, kweli hatukumjua. Kijana akamuuliza hata Kipara mwenyewe, naye akajibu kwa huzuni kwamba huyo bwana alishahama.

Mtu niliyekulia kwenye lakabu hivyo, nilidhani vipimajoto viwili havinipi taabu. Ni vile vya DS18B20, vidogo kama punje ya mchele iliyovimba, na kila kimoja huzaliwa na nambari yake isiyofanana na ya mwenzake, ikianzia na 28. Nani akariri nambari hizo? Nikaiambia programu kwenye kompyuta yangu ndogo ya Raspberry Pi: cha kwanza kwenye orodha kiite Banda, cha pili Tangi. Banda lilikuwa na vifaranga wa siku tano, wanaotaka nyuzi 32 hadi 35, na programu ndiyo iliyowasha na kuzima taa yao.

Kisha mama watoto akaomba na friji yake ya juisi ya ukwaju ipimwe. Nikaongeza cha tatu, nikakiita Friji, nikalala.

Saa nane usiku simu ikalia: Banda, nyuzi 4. Friji, nyuzi 29. Nikaruka. Kwanza nikakaza friji mpaka mwisho, kisha nikakimbia bandani na blanketi. Nikatazama simu: Banda, nyuzi 3. Nikarudi kuhakikisha friji nimeikaza sawasawa. Banda, nyuzi 2.

"Baba watoto," mke wangu akaita kutoka nje, "vifaranga wako wamejibanza ukutani, midomo wazi."

"Wanaganda hao!" nikamjibu, nikimwonyesha simu.

Akanitazama, akaitazama simu, akaondoa blanketi na kung'oa waya wa taa. Asubuhi chupa sita za juisi zilikuwa zimepasuka. Vifaranga walipona wote, ingawa hadi leo wakiniona wanakimbia.

Orodha ya programu yangu, kumbe, ilipangwa kwa nambari, haikujali nani alifika kwanza. Mgeni alikuwa na nambari ndogo, akakaa mbele, wenyeji wakasukumwa nafasi moja moja. Friji ikawa Banda, Banda likawa Tangi, na tangi la maji juu ya paa likawa Friji. Taa ya vifaranga ilikuwa ikingoja friji ipate joto.

Nikaapa sasa kila lakabu nitaifunga kwenye nambari kamili na njia yake yote. Njia yenyewe ni kama kumwelekeza mgeni Uswahilini: ingia sys, kata bus, fuata w1, pita devices, tafuta mlango ulioandikwa 28 na mkia wake, ukiingia uliza chumba cha temperature. Nilifika, nikagonga, nikajibiwa: 33500. Uso wa jua una nyuzi kama 5,500 tu, kwa hiyo vifaranga wangu walikuwa wakilelewa ndani ya majua sita. Chumba kile hujibu kwa sehemu za elfu za nyuzi, ni wewe ugawe kwa 1,000. Hakuna aliyeniambia, labda kwa sababu sikusoma.

Siku nyingine tangi likadai nyuzi 85. Niliweka kikombe chini ya bomba, nikakoroga majani ya chai, yakaelea tu. 85 ndiyo tarakimu kinayoamka nayo kipimajoto kabla hakijapima chochote.

Juzi panya walitafuna cha banda. Nikanunua kipya, nikakifunga palepale, msumari uleule. Programu ikagoma: Banda halipatikani. Kipara, aliyekuwa akitengeneza mlango wa banda, akainama kuisoma nambari ya zamani kwenye skrini.

"Huyo kahama," akasema, "au anadaiwa?"