Kadi ya Baba Nuru

"Ni kuchomeka tu," alisema Baba Nuru, akaondoa bakuli la mchuzi na kuilaza kompyuta juu ya meza. Tangu siku hiyo tukawa tunakula mkekani.

Kadi yenyewe, kadi ya michoro ya kompyuta aina ya GTX 1660 Super, aliinunua Kariakoo ikiwa imetumika, ili Nuru ahariri video za harusi bila kompyuta kugandaganda. Na kompyuta nayo ni ya mtumba, moja ya vile viboksi vyembamba vilivyotumika maofisini Ulaya hadi vikastaafishwa. Kadi ilikuwa pana kuliko boksi. Baba Nuru aliipindua huku na huku, akafungua kile kibati kinachoishikilia, kisha akatangaza kwamba kifuniko si cha lazima. Ikalia "ka!" kwenye mazabodi, ikabaki imesimama wima, nusu yake nje.

Akawasha. Skrini nyeusi ti.

Nuru alikuwa ameshasoma intaneti, ila kwao mtoto hamkatizi baba. Kadi ile hula wati 125, na tundu la mazabodi hutoa zisizozidi 75. Zilizosalia huletwa na waya wake maalumu kutoka kwenye pawa saplai, na yetu, ya wati 240, waya huo haikuwa nao. Baba Nuru aliusaka kwa tochi ya simu kana kwamba umejificha kwa aibu.

Akarudi Kariakoo. Pawa saplai mpya haikuenea ndani ya boksi, wala plagi yake haikulingana na mazabodi, ikabidi anunue na waya wa kuunganishia. Bei ya vyote hivyo sikuambiwa. Niliiona kwenye mboga.

Safari hii feni zilizunguka, skrini ikagoma vilevile. Baba Nuru akashuku waya wa skrini, akachomoa ule wa king'amuzi bila kumuaga mama yake. Bado giza. Nuru akashindwa kuvumilia: "Baba, umechomeka kwenye mazabodi. Ukishaweka kadi, tundu lile mara nyingi hujizima. Chomeka kwenye kadi."

Ikawaka! Bi harusi akatembea ukumbini bila kuganda hata mara moja, Baba Nuru akatutazama mmoja mmoja akingoja pongezi. Mama mkwe alisema maharusi wamependeza, akachomoa waya wake, akaenda nao sebuleni. Tamthilia ilikuwa imeshaanza.