Nyota Njema ya Kurasini

Nyota njema huonekana asubuhi, na ya ofisini kwetu Kurasini hutokea saa mbili kamili, kompyuta zikishawaka. Jaribu kuongeza kiendelezi kwenye kivinjari, kile kidude cha kuzuia matangazo au kusahihisha tahajia, utaambiwa kimezuiwa na msimamizi wako. Basi. Nyuma ya pazia msimamizi ameandika alama ya nyota, moja tu, kwenye orodha ya Chrome ya viendelezi visivyoruhusiwa, na nyota hiyo maana yake ni vyote. Bunge lingehitaji miswada mingapi kukataza vyote? Aiti wetu (jina lake jingine hatulijui) alibonyeza kitufe akaenda kunywa chai.

Wenye kijicho wanasema ni roho mbaya. Nawauliza, wamesahau The Great Suspender? Kilikuwa kiendelezi chenye adabu, kazi yake kulaza kurasa ulizofungua ukazisahau ili kompyuta ipumue, na watu kama milioni mbili walikiamini. Mwaka 2020 mwenyewe akakiuza kwa mtu asiyejulikana. Februari 2021 Google ikakizima, ikisema kimebeba programu haribifu. Yaani umemkaribisha mgeni ndani, naye akauza ufunguo wa nyumba yako wewe ukiwa usingizini. Na wageni wa aina hii wengi, ukishawakubalia, husoma kila ukurasa unaofungua: nywila, akaunti ya mteja, bei halisi ya mzigo. Sisi mawakala wa forodha tunajua ni wangapi wangependa kuiona hiyo ya mwisho.

Nyota hii imetukomaza pia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipowataka wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30, mjini watu walihaha. Sisi tuliendelea na vitumbua. Mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025, ofisini hakuna aliyeshtuka. Binti yangu anasoma sekondari huko Mbagala, na chumba chao cha kompyuta kina nyota hiyohiyo. Ameshajifunza kuomba, kusubiri na kukata tamaa, na hajafika hata kidato cha tatu.

Lakini uzuri wake hasa uko kwenye meza yangu. Kwa kuwa kizuia matangazo nacho kimezuiwa, matangazo yanaingia bila hodi. Nikitoka kwenye TANSAD, hati ya forodha, ya kontena la mitumba kwenda kutazama meli imefika wapi, pembeni kulia kuna kijana anarusha noti hewani, ananisihi nibeti. Noti zinaanguka polepole juu ya jina la meli. Nikiandika barua kwa Kiswahili, kikagua tahajia hakijui ila Kiingereza, hivyo kila neno linapigwa mstari mwekundu, kuanzia "Ndugu" hadi "Wako mtiifu". Barua nzima inavuja damu. Mwanzoni nilidhani nimesahau lugha ya mama. Siku hizi nikiona neno halina mstari ndipo naingiwa na wasiwasi kwamba nimelikosea.

Na msiseme hakuna huruma. Kuna fomu. Unaichukua masjala, kwa dada ambaye lazima kwanza umuulizie hali za watoto wake wote, unaijaza kwa kalamu ya wino mweusi, inasainiwa na mkuu wa kitengo, mhasibu (sijui kwa nini mhasibu) na mkurugenzi. Kipengele cha nne kinauliza: "Athari kwa ofisi endapo ombi halitakubaliwa." Niliandika kwamba nitaendelea kubembelezwa nibeti saa za kazi. Mkurugenzi alicheka, akasaini.

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Jana jibu la Aiti lilifika kwa barua pepe, maneno mawili: "Linafanyiwa kazi." Yote mawili yamepigiwa mstari mwekundu, maana nilikuwa nimeshabonyeza pa kujibu, na pembeni kulia yule kijana alikuwa anazihesabu noti zake upya.