Jambazi Aliyesahau Miguu

Baba Mdogo, na wote mlioko Kamachumu,

Baridi inanitesa. Agosti huku Australia ndiyo kipupwe. Wikiendi hii wenzangu wa kazini walinipakia garini kutoka Melbourne, kama kilomita 280, twende tukaone mji wa kale. Walivyousifia njia nzima, nilitarajia kukuta alikozaliwa Nuhu.

Mji wenyewe unaitwa Beechworth. Dhahabu ilionekana mwaka 1852, watu wakafurika, Wachina kwa maelfu, wakachimba, dhahabu ikapungua, wakatawanyika. Zikabaki nyumba za mawe. Basi, huo ndio ukale. Emin Pasha aliwapigia Wajerumani kambi Bukoba mwaka 1890, mji ukaanzia hapo, kwa hiyo mji wetu na wao wamepishana kama mtu na shangazi yake.

Sisi Wahaya tunasemwa nchi nzima kwa kujisifu. Nawaambia, mbele ya hawa tungali darasa la kwanza. Mama aliyetutembeza alivua kofia, akaugusa ukuta wa mahakama, akanong'ona kwamba una zaidi ya miaka 160. Wote wakasema "Aaa!" Na mimi nikasema "Aaa!", maana nilishalipa.

Kuna kiingilio hata cha gerezani! Gereza lilifungwa mwaka 2004, sasa watu wanatoa hela waingie. Kwetu Muleba mtu anauza ng'ombe ili ndugu yake atoke.

Na shujaa wao ni jambazi. Ned Kelly, mpora benki, aliyehusika na kuuawa kwa polisi watatu mwaka 1878. Kesi yake ilianza kusikilizwa hapo Beechworth Agosti 1880, Novemba akanyongwa Melbourne. Sura yake, iliyonakiliwa kwa plasta akiwa maiti, iko makumbusho na watu wanaipiga picha. Lakini kilichonishika mimi ni habari ya chuma. Genge lake lilikusanya vyuma vya plau, wakafua mavazi ya kuzuia risasi. Lake lilikuwa na kilo kama 44. Siku ya mapambano ya mwisho na polisi kule Glenrowan, risasi za kifuani zikadunda. Polisi wakatazama chini: miguu haina kitu. Wakamlenga huko huko, akaanguka. Sasa huyo ni fundi gani? Mhunzi wa Kihaya angempima mpaka unyayo, na malipo angechukua kabla.

Hapo uzalendo ukanipanda. Nikawahadithia Katuruka, kule Maruku: mababu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Profesa Peter Schmidt wa Marekani akaja kufukua mabaki ya matanuri yao, na katika miaka ya 1970 wazee wetu wakamjengea tanuri jipya likatoa chuma mbele ya macho yake. Yule mama akatoa kalamu. Kiingilio ni kiasi gani? Pa kulala papo? Mlangoni wanauza nini? Nikaomba twende tukanywe kahawa kwanza.

Kahawa yenyewe dola tano na nusu, kikombe hakijai, na kijana akanieleza kwamba ndani yake kuna ladha ya chokoleti na cheri. Mimi niliyekua natafuna kahawa bure kila msiba na kila harusi!

Nikauliza pia, kabla ya dhahabu palikuwa na nani? Waaborijini wameishi nchi hii kwa zaidi ya miaka 50,000. Mama alilikubali hilo, tena kwa heshima, ila matembezini walipewa dakika chache, dhahabu ikapewa saa nzima. Hapo hawakunifurahisha. Anayeuza historia huanza na siku aliyofika yeye.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Nasikia mnataka kuibomoa nyumba ya Babu mjenge ya vioo. Nyumba ile ilisimama kwenye tetemeko la Septemba 2016, wakati mpya za jirani zinapasuka. Msiiguse. Hela ya bati natuma mwisho wa mwezi. Na ule mkuki na majembe ya kufua yaliyoko stoo, Baba Mdogo, nakuomba sana, usimpe mtu wa vyuma chakavu hata akikuongezea bei.